Gharama ya Matairi ya Pikipiki Zetu, na Jibu la Katibu kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita mzee mmoja aliinuka, nami nilikuwa bado nasoma kitabu cha hesabu, akaniuliza: "Katibu, pikipiki hula mafuta, hilo sote twalijua. Lakini hizi zetu zimeanza lini kula matairi?" Watu wakacheka. Mimi nami nikacheka pamoja nao, walakini sikuwa na jibu la kutosha. Tangu siku ile nimezipitia risiti zetu moja moja, nimekaa na madereva, na nimezungumza na mafundi wa pancha wa Nyamisati, Bungu na Kibiti. Leo naleta jibu. Jibu lenyewe halinipendezi sana, maana sehemu ya kosa ni langu mwenyewe.

Kwanza niwaeleze wenzetu ambao kazi yao huishia shambani na hawajapata kuuvuka mlango wa bahari. Karafuu zetu zikishachumwa, zikachambuliwa makonyo, zikaanikwa majamvini na kukauka vema, hutiwa magunia na kushushwa Kilindoni. Kutoka hapo huvuka bahari mpaka Nyamisati, pembeni mwa Delta ya Rufiji, katika Wilaya ya Kibiti. Toka Nyamisati kwenda Bungu, mahali inapopita barabara kuu ya lami itokayo Dar es Salaam kwenda Kibiti na Lindi, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 40. Mzigo ukiwa mkubwa hukodiwa gari. Lakini mara nyingi mwanachama ana magunia mawili tu, na mnunuzi anangoja. Hapo ndipo pikipiki ya chama inapofanya kazi. Basi njia hii ndiyo inayokula matairi, na ina vinywa vingi. Kuna mchanga, kuna changarawe, na mvua zikinyesha kuna tope linaloshika gurudumu kama gundi. Maji yakitupwa, pikipiki hukokotwa ufukweni juu ya makombe ya chaza yenye ncha kama wembe, na penye mikoko, juu ya mizizi ya mchu iliyochomoza kama misumari.

Mambo yaliyotokea mwaka 2023

Wengi wenu mwakumbuka mvua nyingi za mwisho wa mwaka 2023. Mwezi Novemba mwaka huo dereva wetu alitoka Nyamisati na magunia mawili ya mama mmoja mwanachama wetu. Hajafika nusu ya njia, tairi la nyuma likapasuka ubavuni. Pikipiki ikayumba ikaanguka. Dereva akachubuka goti na kiwiko, na twashukuru haikuwa zaidi ya hapo. Gunia moja likapasuka. Kabla hajapata mtu wa kumsaidia, mvua ikashuka. Karafuu iliyokaushwa kwa jua la siku nne ikalowa kwa muda wa nusu saa. Tulipoifikisha kwa mnunuzi alitia mkono guniani, akainusa, akataja bei nyingine kabisa. Kamati iliona si haki yule mama abebe hasara isiyo yake, ikamlipa tofauti kutoka akiba ya chama. Fedha hiyo ilizidi bei ya matairi mazuri manne.

Tairi lile nililinunua mimi. Nililinunua katika duka moja ambalo sina haja ya kulitaja, kwa kuwa lilikuwa rahisi, na nilidhani nimekiokolea chama fedha. Baada ya ajali nilikaa nalo nikaliangalia kama mtu asomaye barua. Ubavuni mwake mlikuwa na nyufa ndogo ndogo, na tarakimu nne zilizoandikwa 1816. Wakati ule sikujua maana yake. Maana yake ni kuwa tairi lilitengenezwa katika wiki ya 18 ya mwaka 2016. Nililinunua kama jipya, kumbe lilikuwa limekwisha kukaa ghalani na juani miaka saba. Mpira hukakamaa ukizeeka hata kama haujatembea hatua moja, kwa sababu hewa na jua huula taratibu. Mwenye duka hakunidanganya kwa neno lolote. Tarakimu zilikuwa pale pale, nami sikuzisoma.

Bei ya dukani na bei ya kweli

Hapa ndipo penye jibu la mzee wetu. Sisi tumezoea kuuliza, "Tairi hili kiasi gani?" Yatupasa tuulize, "Tairi hili litatugharimu kiasi gani kwa mwezi?" Tuchukue hesabu ya mfano. Bei nitakazotaja si za duka lolote, nimeziweka ili hesabu ionekane wazi.

Tuseme kuna tairi la nyuma la shilingi 40,000 linalodumu miezi minne katika njia yetu, na jingine la shilingi 70,000 linalodumu miezi tisa. Mtu akiyatazama yote mawili juu ya meza ya muuza duka, mkono wake utakwenda kwenye la kwanza. Sasa tuhesabu miaka mitatu, yaani miezi 36. La kwanza tutalinunua mara tisa, jumla shilingi 360,000. La pili tutalinunua mara nne, jumla shilingi 280,000. Na kila tukibadili tairi yafaa tubadili na tyubu. Tuseme tyubu ni shilingi 8,000 na ufundi ni shilingi 3,000. Kwa tairi la kwanza hiyo ni 99,000 zaidi, na kwa la pili ni 44,000. Basi tairi "rahisi" limetugharimu shilingi 459,000, na tairi "ghali" shilingi 324,000. Tofauti ni shilingi 135,000. Kwa mwezi, la kwanza ni shilingi 12,750, la pili ni shilingi 9,000.

Wala sijatia humo siku ambazo pikipiki husimama ikingoja tairi kutoka mjini, wala pancha, wala gunia lililolowa. Wazee walisema rahisi huvunja upishi, na mimi nimeuvunja upishi wa chama kwa mkono wangu.

Lakini nisieleweke vibaya. Bei kubwa peke yake si dhamana. Tairi la bei kubwa lililozeeka ghalani litapasuka vile vile kama lile la 2016. Ndiyo maana lazima tujue kulisoma.

Namna ya kulisoma tairi

Maandishi ya tairi yanatisha kwa wingi wake, lakini yanayotuhusu ni machache. Mtoto aliyemaliza darasa la saba aweza kuyasoma.

Mathalan, tairi la nyuma la pikipiki nyingi ndogo zinazotumika huku huandikwa 3.00-17. Tarakimu za kwanza ni upana wa tairi, inchi tatu; za pili ni kipimo cha rimu linalokaa ndani yake, inchi 17. La mbele aghalabu ni jembamba kidogo, 2.75-17. Ziko pikipiki zenye rimu ya inchi 18, na tairi lake haliingiliani na hizi. Kwa hiyo anayetumwa mjini aandikiwe kipimo kwenye karatasi, asitumwe kwa mdomo.

Baada ya hapo huenda mkaona 50P. Tarakimu hiyo 50 haina maana ya kilo 50, na watu wengi wamekosea hapo. Ni namba ya orodha ya watengenezaji, na maana yake ni kwamba tairi laweza kubeba kilo 190, likiwa limejazwa upepo wake kamili. Herufi P ni mwendo, kilomita 150 kwa saa, na huo hatuuhitaji hata kidogo. Maandishi 6PR yanaeleza nguvu ya nyuzi zilizomo ndani ya mpira. Namba ikiwa kubwa, tairi ni gumu zaidi kwa mizigo. TT maana yake ni tairi la kutiwa tyubu. Mshale unaonyesha upande ambao gurudumu linapaswa kuzungukia, na fundi mwenye haraka huusahau.

Tarakimu nne za tarehe mmekwisha kuzisikia: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Na mwisho tafuteni herufi TWI ubavuni. Mkizifuata mpaka katikati ya meno, mtaona kinundu kidogo kimejificha katika mfereji. Meno yakilika hata yakawa sawa na kinundu hicho, tairi limekwisha kazi yake. Kulitumia baada ya hapo ni kupanda tairi kipara, na tairi kipara katika tope la Rufiji halina breki.

Uzito na upepo

Sasa turudi kwenye zile kilo 190, maana hapo nasi wanachama tuna sehemu yetu ya lawama. Pikipiki ndogo kama zetu ina uzito wa kilo zipatazo 110. Dereva tuseme kilo 70. Magunia mawili ya karafuu kavu, kilo 50 kila moja, ni kilo 100. Jumla ni kilo 280. Mzigo huo haugawanyiki sawasawa. Gurudumu la nyuma hubeba kama theluthi mbili, nayo ni karibu kilo 187. Mwaona kwamba kwa magunia mawili tu tumekwisha kufika kwenye mpaka wa tairi.

Sasa mwanachama anakuja na gunia la tatu. Anamwambia dereva, "Mwanangu, liweke tu hapo nyuma, haliumizi." Gunia hilo likikaa nyuma kabisa, karibu uzito wake wote huangukia gurudumu la nyuma. Tairi linalomudu kilo 190 sasa linabebeshwa kilo 230 na zaidi. Halitapasuka siku hiyo. Nyuzi za ndani zitakatika moja baada ya moja, na tairi litapasuka siku nyingine, likiwa na mzigo wa mtu mwingine ambaye hakuzidisha hata kilo moja. Kwa hiyo gunia la tatu la leo hulipiwa na mwenzako wa kesho.

Jambo la pili ni upepo. Madereva wetu wakifika penye mchanga mwingi hupunguza upepo ili tairi litandawae na lisizame. Ni ujuzi mzuri. Lakini wakitoka mchangani husahau kuujaza tena, kwa sababu pampu haipo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila likizunguka, na kwa kujikunja hupata moto. Mwenye shaka aliguse baada ya safari. Moto huo ndio unaoziua nyuzi. Tena likikutana na jiwe au shimo, tyubu hubanwa baina ya jiwe na rimu, ikatoboka mahali pawili pamoja, kama kuumwa na nyoka. Mafundi wa pancha wakiona matundu mawili yaliyokaa hivyo hawana haja ya kutafuta msumari. Upepo ukizidi nao una ubaya wake: tairi hulika katikati tu, na hukatwa upesi na mawe makali. Kipimo kilicho sawa kimeandikwa katika kitabu cha kila pikipiki, nacho cha nyuma huwa kikubwa kuliko cha mbele, na huongezwa unapobeba mzigo.

Adui wa tatu ni chumvi ya bahari. Chumvi yenyewe haiudhuru mpira sana, bali huila rimu na spoku. Rimu ikishika kutu huwa kama msasa, ikaisaga tyubu kutoka ndani, na mtu anaziba pancha kila wiki akidhani barabara ndiyo mbaya. Pikipiki ikishuka chomboni imwagiwe maji baridi, ioshwe magurudumu na mnyororo. Pia isisimamishwe chomboni penye mafuta yaliyomwagika, maana petroli na oili hulainisha mpira na kuuharibu.

Kwa nini tairi lina bei

Wengine huuliza, kwani mpira si utomvu wa mti tu? Ndiyo, na sisi watu wa pwani hii hatuugeni. Zamani, mwishoni mwa karne ya 19, watu wa nyuma ya Kilwa na milima ya Matumbi, kusini ya Mto Rufiji, waligema mpira wa porini kutoka katika mitambaazi ya msituni, ukauzwa pwani na kupelekwa ng'ambo. Lakini utomvu peke yake haufanyi tairi. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kutiwa motoni huacha kunata na hupata nguvu. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, akatengeneza tairi la kujazwa upepo kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Hata leo ndani ya tairi mna mpira wa mti, mpira wa kutengenezwa kwa mafuta ya petroli, masizi yanayoutia weusi na kuukaza, nyuzi, na waya wa chuma unaolishikisha kwenye rimu.

Nchi yetu iliwahi kuwa na kiwanda cha matairi ya magari, General Tyre cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969; kazi yake ilikuwa imesimama kabla ya mwaka 2010. Matairi ya pikipiki tunayoyaona madukani aghalabu hutoka Uchina, India na nchi nyingine za Asia. Kwa hiyo ndani ya bei tunalipia nauli ya meli, ushuru, kodi, faida ya mwenye ghala la Dar es Salaam, nauli ya basi mpaka Bungu au Kibiti, na faida ya muuza duka. Shilingi yetu ikishuka mbele ya dola, tairi hupanda. Hayo yote hatuwezi kuyabadili. Tunayoweza kuyabadili ni yale yaliyo mikononi mwetu: tunanunua tairi gani, tunalibebesha nini, na tunalitunzaje.

Shauri ninaloleta mbele yenu

Kamati imenikubalia nilete mambo matano, mwende nayo matawini mkayajadili kabla ya mkutano ujao.

Kwanza, kila safari ya pikipiki itoe shilingi 500 kutoka katika ada ya kubebea, ziwekwe katika mfuko wa matairi usioguswa kwa jambo jingine. Pikipiki ikienda safari 30 kwa mwezi, hizo ni shilingi 15,000. Kwa hesabu yetu ya mfano, shilingi 9,000 ni za tairi la nyuma, na 6,000 zinazobaki ni za tairi la mbele na pancha. Hapo hatutanunua tena tairi kwa fedha ya dharura, maana mwenye dharura hachagui.

Pili, mzigo uwe magunia mawili, na asipakiwe abiria juu yake. Dereva akikataa gunia la tatu asitukanwe. Analinda mali ya mwenzenu.

Tatu, tairi linunuliwe na watu wawili, katibu na dereva mmoja, na katika risiti iandikwe kipimo chake na zile tarakimu nne za tarehe. Mimi peke yangu nisinunue tena. Mali ya chama ni amana, na amana hulindwa na macho zaidi ya mawili.

Nne, tununue pampu ya mguu na kipimo cha upepo, vikae Nyamisati, na kila asubuhi dereva apime kabla ya kupakia.

Tano, tairi likifika alama ya TWI liondoshwe siku hiyo hiyo. Tyubu kuukuu zisitupwe, zikatwe mikanda ya kufungia magunia. Na tairi kuukuu lisichomwe moto, moshi wake ni sumu, tena karibu na karafuu zilizoanikwa huacha harufu isiyotoka.

Najua wako watakaosema kwamba shilingi 500 ni mzigo kwa mwanachama mwenye mikarafuu michache. Sikatai. Lakini mwenye michache ndiye asiyeweza kuhimili hasara ya gunia moja. Yule mama wa mwezi Novemba alikuwa na magunia mawili tu kwa msimu mzima, na nusu yake ilikuwa chini, matopeni. Nilipokwenda kumweleza, aliniuliza neno moja tu: tairi lile lilikuwa la kiasi gani? Nilipomtajia, alinyamaza. Nami hesabu hii nimeifanya ili siku nyingine mwanachama akiniuliza hivyo niwe na jibu ninaloweza kulitamka bila kuinamisha kichwa.

Risiti zote za matairi nilizozitaja zipo ofisini katika jalada lake. Mwanachama yeyote apendaye kuziona afike siku za kazi, nitamfungulia.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama